Njia rahisi ya kutembea katika bustani ya mji: jinsi ya kuipima, kuichimba na kuiepusha na maji

Njia nyingi za bustani huanza kufa katika msimu wa kwanza wa mvua, na miguu ya watu haina lawama kubwa. Maji hupata kibonde kidogo na kutulia. Tope likitokea, mtembeaji wa kwanza hulikwepa kwa kukanyaga nyasi za pembeni, wa pili humfuata, na masika yanapoisha njia iliyochimbwa kwa upana wa mita moja na nusu imekuwa uwanja wa tope wa mita nne. Mzee wa mkongojo hapiti tena hapo, wala mama anayesukuma mtoto kwenye kigari. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maji: yanatoka wapi, yavukie wapi, na yafanywe nini yasipate nafasi ya kukimbia juu ya njia.

Mifano mingi ni ya Nairobi kwa sababu mji huo una udongo wa aina mbili zinazowasumbua watengenezaji wa njia. Upande wa magharibi na kaskazini, kwenye msitu wa Karura na bustani za City Park na Arboretum, udongo ni mwekundu na maji hupenya vizuri. Upande wa mashariki na kusini ni udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Anayefanya kazi Arusha, Kampala au Kigali atatumia vipimo hivihivi. Pwani penye mchanga, shida ni tofauti kidogo na tutaigusia.

Anza na mtu atakayepita

Neno rahisi lina vipimo. Njia ni rahisi pale mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mzee mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka minne wanapoweza kuimaliza bila kushikwa mkono. Marekani wana kanuni za njia za kutembea zinazofikika kwa watu wenye ulemavu, na zinafaa kuazimwa. Mteremko usiozidi asilimia 5, yaani kupanda mita 1 katika kila mita 20 za mwendo, unaruhusiwa kwa urefu wowote. Ukizidi hapo hadi asilimia 8.33, mwisho wa kipande hicho ni mita 61. Kutoka hapo hadi asilimia 10, ni mita 9 tu. Asilimia 12 ndiyo kilele, na isizidi mita 3. Mwishoni mwa kila kipande cha namna hiyo lazima pawe na mahali tambarare pa kupumzikia.

Ushauri wetu ni kupanga kwa asilimia 4 na kuziacha zile kubwa kwa dharura. Kazi ya jembe hukosea kwa asilimia moja bila mtu kugundua, kwa hiyo aliyepanga 5 hupata 6, aliyepanga 8 hupata 9.

Upana wa chini unaokubalika ni sentimita 91, lakini bustani ya mji ina watu wengi wanaotembea wawili wawili wakizungumza. Chukua mita 1.5. Penye ulazima wa kubana, kwa mfano kati ya miti miwili mikubwa, shuka hadi mita 1 kwa kipande kifupi, kisha upanue tena. Matawi yakatwe hadi urefu wa mita 2.5 juu ya njia. Kanuni hizo zinataka angalau mita 2, ila tawi lililolowa mvua huinama, na la mwaka huu litakuwa refu zaidi mwakani.

Urefu unaofaa kwa mzunguko mmoja ni kilomita 1 hadi 1.5. Mtu mzima asiye na haraka hutembea kilomita 3 hadi 4 kwa saa, kwa hiyo mzunguko wa kilomita 1.2 ni dakika 20 hivi, na kwa mzee ni nusu saa. Weka njia ya mkato katikati ili anayechoka arudi langoni akiwa ametembea mita 500 au 600 tu. Watu wengi huogopa kuanza njia wasiyojua watarudije.

Kagua eneo mvua ikinyesha

Kabla ya kupima chochote, pata ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Jijini Nairobi, City Park iko chini ya serikali ya kaunti. Karura na Arboretum ziko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Hili halihitaji kuchukuliwa kama urasimu tu. Ardhi ya bustani za mji ina historia ya kunyemelewa, na Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakiitetea Karura isigawanywe kwa wajenzi. Njia iliyochorwa kwenye ramani ya mwenye ardhi ni ushahidi mmoja zaidi kwamba mahali pale pana matumizi ya umma. Uliza pia mabomba ya maji, ya majitaka na nyaya za umeme zimepita wapi. Sururu ikitoboa bomba, kazi itasimama wiki nzima.

Kisha nenda eneoni mara mbili. Mara ya kwanza iwe siku ya jua, ukaangalie vijia ambavyo watu wamejitengenezea. Vijia hivyo vinaonyesha watu wanataka kwenda wapi: kituo cha matatu, choo, kivuli cha mugumo, uwanja wa watoto. Ukichora njia inayopuuza matakwa hayo, watu watakata nyasi kwa miguu yao na kuipuuza njia yako. Njia inahitaji vilevile mahali pa kwenda. City Park, kwa mfano, kuna makaburi ya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, na mkewe Sheila, na karibu nao kaburi la mpigania uhuru Pio Gama Pinto. Mzunguko unaopita hapo una sababu ya kutembewa.

Mara ya pili nenda mvua ikinyesha au saa moja baada ya kukatika. Chukua vigingi vyenye utepe mwekundu. Chomeka kigingi kila mahali palipotuama maji na kila mahali maji yanapokimbia kwa mkondo. Ziara hiyo itakupa habari ambazo ramani ya gharama haitakupa. Mvua za Nairobi ni Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kagua katika msimu mmoja, uchimbe katika kiangazi kinachofuata.

Fremu A, kipimo cha gharama ndogo

Huhitaji darubini ya mpimaji. Wakulima wa miteremkoni wamekuwa wakipima kontua, yaani mistari ya ardhi yenye kimo kimoja, kwa fremu A kwa miaka mingi, na kwa njia ya kutembea kifaa hicho kinatosha kabisa.

Chukua fito mbili zilizonyooka, kila moja mita 2.1. Zifunge pamoja juu kwa msumari au kamba, uzitanue chini mpaka ncha ziwe mita 2 kamili kutoka moja hadi nyingine. Ufito wa tatu, wa mita 1.2, upigilie kukatiza miguu hiyo miwili, chini kidogo ya katikati. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye chupa ya nusu lita iliyojaa mchanga. Uzi ushuke hadi chini ya ufito wa kati bila chupa kugusa ardhi.

Sasa kitege. Simamisha fremu mahali panapoinama kidogo, uweke alama chini palipo na miguu yote miwili. Uzi ukitulia, chora mstari mdogo unapokatiza ufito wa kati. Geuza fremu ili mguu wa kushoto ukae palipokuwa na wa kulia, uchore mstari wa pili. Katikati ya mistari hiyo miwili ndipo penye usawa kamili. Chora mstari mnene hapo.

Kikitegwa hivyo, kifaa kinapima usawa tu. Ili kipime asilimia 4, pigilia kipande cha mbao cha sentimita 8 chini ya mguu mmoja. Miguu ina mita 2 kati yake, na sentimita 8 katika mita 2 ni asilimia 4. Ukitaka 5, mbao iwe ya sentimita 10. Mguu wenye mbao ubaki daima upande wa chini wa mwendo. Uzi ukigonga mstari mnene, umepata mteremko unaoutaka.

Anzia mahali ambapo ni lazima njia ipite, kwa mfano lango, ukielekea mahali pengine pa lazima. Zungusha fremu hatua kwa hatua, na kila hatua ya tatu, yaani kila mita 6, chomeka kigingi. Ukimaliza mita mia, rudi nyuma utazame safu ya vigingi. Vitakuwa vimeyumba. Sogeza vile vilivyochomoza ili mstari uwe laini, lakini usivisogeze zaidi ya nusu mita kwenda juu au chini ya mteremko, la sivyo umetupa kipimo chako. Upepo ni adui wa fremu A: uzi ukiyumba, mtu mmoja asimame upande wa upepo auzuie kwa mwili.

Hesabu moja ya kukumbuka: kwa asilimia 4, kupanda mita 6 kunahitaji mita 150 za njia. Kama bustani inapanda mita 10 kutoka langoni hadi kilele, panga mita 250. Hakuna namna ya kuikwepa hesabu hii isipokuwa kujenga ngazi, na ngazi huwafungia nje walewale tuliowakusudia.

Njia ikate mlima, isiufuate

Maji huteremka kwa mstari mfupi kabisa. Njia ikielekea upande huohuo, inageuka mfereji. Kanuni yetu ni kwamba mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima inaoukata. Mlima ukishuka kwa asilimia 12, njia isizidi 6. Njia ya asilimia 4 inahitaji mlima wa asilimia 8 au zaidi. Ukiipitisha kwenye mlima mlegevu zaidi ya hapo, maji yakishaingia hayana upande wa kutokea. Sehemu hizo zinyanyue juu ya ardhi kwa sentimita 10 hadi 15, na katikati pawe juu kidogo kuliko kingo.

Kwenye mlima, njia iinamishwe upande wa chini. Kwa upana wa mita 1.5, ukingo wa nje uwe chini ya wa ndani kwa sentimita 5. Mwinamo huo, asilimia 3 na kidogo, unatosha kumwaga maji, na mtu wa kiti cha magurudumu havutwi pembeni. Mafundi wengi hufanya kinyume: huinamisha njia ndani, kuelekea mlima, wakidhani wanamlinda mtembeaji asianguke. Maji hukusanyika upande wa ndani, hukimbia kwa urefu wa njia, na baada ya mvua kubwa tatu au nne unapata ufa wa kuzamisha kifundo cha mguu.

Mwinamo peke yake hautoshi, kwa sababu miguu hubonyeza katikati ya njia na kuunda mfereji mdogo. Hapo ndipo vinapohitajika vibonde vya kutolea maji. Kila mita 10 hadi 15 za mteremko, njia ishuke, ifike chini, ipande sentimita 15 ndani ya mita 3, kisha iendelee kushuka kama kawaida. Maji yakifika kwenye kibonde hayawezi kupanda, yanatoka nje. Chini ya kibonde zidisha mwinamo wa upande hadi sentimita 7, na panga mawe mahali maji yanapotokea, upana wa mita 1 hivi, yasije yakachimba korongo.

Urefu wa zile mita 3 ni wa lazima. Kibonde kikifupishwa hadi mita moja kinakuwa tuta la barabarani: mtoto anajikwaa, na sehemu ya kuwekea miguu kwenye kiti cha magurudumu inagonga ardhi. Kikichimbwa vizuri, anayetembea hatagundua kwamba amekivuka.

Penye kona ya kurudi nyuma, tengeneza uwanja tambarare wa mita 3 kwa 3. Kati ya mkono wa juu na mkono wa chini wa njia panda vichaka vigumu au panga mawe makubwa, maana pasipo kizuizi watu watakata kona ndani ya wiki moja na mkato huo utakuwa mfereji mpya.

Kuchimba na kujaza

Ondoa kwanza udongo wa juu wenye mizizi na majani yaliyooza, sentimita 10 hadi 15. Udongo huo hushika maji na hauna nguvu ya kubeba. Usiutupe, utarudishia nyasi za pembeni. Kwenye mlima, chimba mpaka upana wote wa njia ukae juu ya ardhi asilia. Kuna kishawishi cha kuchimba nusu na kujazia nusu ya nje kwa udongo uliotoka ndani, maana kazi inapungua. Ile nusu ya nje itashuka katika mvua za kwanza, ukingo utamegeka, na ukarabati utagharimu zaidi ya uchimbaji. Ukuta wa upande wa juu uukate kwa ulalo wa nyuzi 45 hivi, usiuache wima.

Udongo unaotupwa chini utawanywe mbali. Ukiuacha ukingoni unakuwa boma linalozuia maji yasitoke.

Vifaa vya mita 100 za njia yenye upana wa mita 1.5 ni hivi. Tabaka la chini ni moramu, ambayo wengine huiita changarawe au kifusi, sentimita 10 baada ya kushindiliwa. Hiyo ni mita za ujazo 15, lakini mzigo uliolegea hupungua ukishindiliwa, kwa hiyo agiza 19 au 20. Tabaka la juu ni mawe yaliyosagwa kuanzia vumbi hadi punje za milimita 10, sentimita 5 baada ya kushindiliwa: mita za ujazo 7.5, agiza 10. Machimboni huuza kwa tani. Mita moja ya ujazo iliyolegea ina tani 1.5 hivi, kwa hiyo uliza tani 30 za moramu na 15 za mawe ya kusaga. Lori lisiingie bustanini baada ya mvua. Alama za magurudumu yake zitadumu kuliko njia yenyewe. Limwage langoni, mzigo upelekwe kwa toroli. Mita moja ya ujazo ni toroli 16 hivi.

Moramu ipimwe kabla ya kulipiwa. Chukua konzi, ilowanishe kidogo, ifinye. Ikishikamana kama donge na kuacha doa jepesi kiganjani, inafaa. Ikinata vidoleni ina udongo mfinyanzi mwingi, nayo itateleza ikilowa. Ikimeguka mara unapofungua mkono ina mchanga mwingi, haitashika. Kama bado una shaka, jaza theluthi ya chupa angavu, ongeza maji na chumvi kidogo, itikise, uiache siku nzima. Kokoto na mchanga hutua chini, mfinyanzi juu, na unene wa kila tabaka utauona kwa macho.

Kwa tabaka la juu usikubali kokoto za mtoni hata zikiwa nzuri kwa macho. Ni za mviringo, hazishikani. Mguu huzama na kuteleza, na gurudumu dogo la mbele la kiti cha magurudumu hujichimbia na kukwama. Yanayotakiwa ni mawe yenye ncha kali pamoja na vumbi lake, kwa sababu vumbi ndilo linalofunga nafasi kati ya punje. Ukinunua kokoto zilizochekechwa, safi bila vumbi, zitabaki zikitembea milele.

Kushindilia ndiko kunakorukwa mara nyingi, na ndiko kunakotofautisha njia ya miaka kumi na ya mwaka mmoja. Usimwage zaidi ya sentimita 10 zilizolegea kwa mara moja. Nyunyizia maji mpaka konzi ikifinywa ishikamane bila kutoa tone. Ikiwa kavu punje hazikamatani. Ikiwa na maji mengi inacheza chini ya mashine na kusukumwa pembeni. Mashine ya kushindilia ya kilo 80 hadi 100 ipite mara tatu au nne, ikianza kingoni na kumalizia katikati. Pasipo mashine, shindilio la mkono la kilo 8 linafanya kazi, ila tabaka liwe la sentimita 5 na subira iwe kubwa. Kazi imekamilika pale kisigino kinapogonga bila kuacha alama.

Watu 8 wenye majembe, sururu, sepetu na toroli tatu humaliza mita 100 kwa siku nne au tano, iwapo mzigo uko tayari langoni.

Udongo mweusi na mchanga

Juu ya udongo mweusi, vipimo vilivyotangulia havitoshi. Ukiweka sentimita 15 moja kwa moja, kiangazi cha kwanza nyufa zitapanda mpaka juu, na mvua ikija moramu itazama ndani ya tope. Ondoa sentimita 30, au, ambavyo ni bora zaidi, usichimbe sana bali unyanyue njia. Tandaza kitambaa cha ujenzi cha kutenganisha udongo, vipande vikilaliana kwa sentimita 30, kisha moramu kwa tabaka mpaka ufikishe sentimita 25 au 30. Chimba mitaro pande zote mbili, mita 1 kutoka ukingoni, maji yasisimame karibu na msingi. Udongo mweusi usichimbwe ukiwa umelowa. Hunata kwenye jembe, hubonyea, na unapokauka unabaki na mabonge magumu.

Pwani, kwa mfano Dar es Salaam au Mombasa, mchanga hupitisha maji vizuri sana na tatizo ni kwamba haubebi. Hapo kitambaa hichohicho huzuia mawe yasizame, na kingo za mawe au mbao huzuia tabaka lisisambae.

Mizizi

Arboretum ya Nairobi ilianzishwa 1907 kwa ajili ya kujaribu miti, na katika bustani kongwe kama hiyo miti ndiyo mali yenyewe. Njia isiiue. Kipimo cha kawaida: zidisha kipenyo cha shina kwa 12, hilo ndilo eneo la mizizi la kulindwa. Mti wenye shina la sentimita 40 unahitaji karibu mita 5 kila upande bila kuchimbwa. Mara nyingi haiwezekani kuukwepa umbali wote huo, kwa hiyo badala ya kuchimba, pita juu: kokoto zenye nafasi za hewa, kisha tabaka jembamba la mawe ya kusaga, jumla isizidi sentimita 10, na kando zilale polepole. Usifukie shina lenyewe. Mzizi mnene kuliko sentimita 5 usikatwe. Ukiukata, huenda mti ukasimama miaka mitatu bila dalili yoyote kisha ukaangushwa na upepo siku watoto wako chini yake.

Ndiyo sababu nyingine ya kutotandaza kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika chini, kila mahali, ingawa viongozi huzipenda kwa kuwa zinapendeza siku ya uzinduzi. Mizizi huzinyanyua moja moja, na penye kivuli huota ukungu wa kijani unaoteleza vibaya. Kabro zinafaa langoni, mbele ya choo na mahali ambapo watu husimama foleni.

Mkondo wa maji unaokatiza njia

Penye mkondo wa kudumu au mfereji wa mvua, weka kalavati. Bomba lisiwe chini ya kipenyo cha sentimita 30. Dogo zaidi linaweza kuyabeba maji yenyewe, lakini haliwezi kubeba majani na chupa zinazokuja na maji hayo, na likiziba, maji hupanda juu na kuondoka na njia nzima. Liinamishwe kwa asilimia 2 au 3 ili tope lisitue ndani, lifunikwe kwa angalau sentimita 30 za moramu iliyoshindiliwa, na ncha zote mbili zijengewe ukuta mdogo wa mawe. Upande wa kutokea maji pangilia mawe makubwa kwa urefu wa mita 1.5.

Viti, macho na vibao

Weka kiti kila mita 100 hadi 150, na kwa lazima mwishoni mwa kila mpando. Kikalio kiwe sentimita 45 kutoka chini, kiwe na egemeo na mikono. Mzee huinuka kwa kusukuma mikono ya kiti. Kisogezwe sentimita 60 nje ya njia, na kando yake uache nafasi iliyoshindiliwa ya sentimita 90 kwa upana ili mwenye kiti cha magurudumu akae na wenzake, asiachwe katikati ya njia.

Usalama katika bustani za miji yetu ni suala la macho. Vichaka vilivyo ndani ya mita 3 kutoka njiani vipunguzwe hadi urefu wa goti au kiuno, na matawi ya chini ya miti yaondolewe, ili anayetembea aone watu walio mbele kwa mita 30 au zaidi. Mwanamke anayetembea peke yake alfajiri huamua kuingia au kurudi kwa kutazama hilo. Makutano yapewe namba, kama ilivyofanywa Karura, ili aliyeteguka mguu aseme kwa simu yuko makutano namba ngapi na askari amfikie. Kibao cha langoni kieleze urefu, mteremko mkali kuliko wote, aina ya njia na choo kilipo. Anayesukuma kiti cha magurudumu anahitaji takwimu hizo zaidi ya maneno ya kumkaribisha.

Nguzo za langoni ziachane kwa sentimita 91. Zitazuia magari. Pikipiki zitapita, kwa sababu nafasi inayomtosha mtu wa kiti cha magurudumu inamtosha pia mwenye bodaboda. Hilo linahitaji mlinzi.

Baada ya kufungua

Mvua kubwa ya kwanza inyeshapo, tembea njia nzima ukiwa na vigingi. Kila dimbwi liwekewe kigingi na lirekebishwe ndani ya wiki hiyo, kabla watu hawajazoea kulizunguka. Usimwage kokoto ndani ya dimbwi. Kwanza tafuta kwa nini maji hayatoki: mara nyingi ukingo wa nje umeinuka. Ukishautoboa na maji kutoka, kwangua tope, kisha jaza na ushindilie.

Ukingo huo wa nje utainuka tena. Miguu husukuma punje pembeni, nyasi huzishika, na ndani ya mwaka unapata tuta la sentimita 3 au 4 linalofungia maji ndani. Mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, mtu mwenye jembe na reki aufuate mzunguko wote: akate tuta hilo, afungue midomo ya vibonde, atoe majani na chupa ndani ya kalavati, akate matawi. Kwa kilomita moja, watu wawili hutumia siku mbili. Kila mwaka wa tatu au wa nne ongeza sentimita 2 za mawe ya kusaga sehemu zilizolika, ukianza na kukwaruza juu ili tabaka jipya lishike la zamani. Weka akiba ya tani mbili mahali pakavu karibu na lango tangu siku ya kwanza. Mzigo wa baadaye kutoka chimbo lingine huwa na rangi na punje tofauti, nao haushikani vizuri na ule wa mwanzo.

Nyasi za kando zikiwa zimekwisha kabisa penye dimbwi la zamani, weka matawi makavu juu ya sehemu iliyopanuka na upande nyasi upya mwanzoni mwa mvua. Matawi yaondolewe baada ya miezi mitatu hivi, nyasi zikishashika.